Sampuli Alizokula Antoinette

Vijana wa ofisi walikuja nyumbani kwangu, hapa commune Tshopo, kuniaga kwa kustaafu. Walikula lituma yote, ndizi zetu za kupondwa, wakamaliza samaki, kisha mmoja akatoa karatasi mfukoni. Nilidhani ni hotuba, nikakaa vizuri. Kumbe ni fomu. Kila mmoja wao anatakiwa aandike uzoefu wake wa kazi, aeleze mashimo aliyochimba na udongo aliouona, ndipo apewe haki ya kutia sahihi ripoti za ardhi. Walitaka niwaonyeshe namna ya kujaza, na walilalamika kwamba fomu ni ndefu. Nikawaambia nitaandika yangu yote kwa mpangilio, tangu siku ya kwanza, waisome wakiwa kwao. Faida ya kuandika ni kwamba hakuna anayekukatiza.

Nilitoka Yahuma nikiwa kijana, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri na nilijua kuandika namba zikasomeka, kipaji ambacho hata sasa si wengi wanacho pale ofisini, na wahusika wanajijua. Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi vilivyopakwa rangi. Nilidhani nimeajiriwa ofisini. Walinipeleka moja kwa moja kwenye tope la mto, wakanikabidhi upande mmoja wa tarière. Hiki ni chuma kirefu chenye kichwa kama parafujo. Watu wawili wanakizungusha kwa mpini, kinashuka ardhini, kisha mnakivuta na kuangalia kimepanda na nini. Viatu vyangu sikuviona tena, na nina hakika viko pale mpaka leo, kwenye tabaka la kwanza.

Kazi yetu ilikuwa kupima ardhi kabla barabara au daraja havijajengwa, tujue kama itabeba. Kwa mtu wa mjini hilo linaeleweka. Baba yangu kule Yahuma, mtu wa muhogo na migomba, hakulielewa mpaka anakufa. Nilipokwenda likizo aliniuliza nachimba nini. Nikasema mashimo. Akauliza napanda nini ndani yake. Nikasema sipandi kitu. Akauliza kwa sauti ya chini, basi nazika nini. Nikasema siziki mtu, natoa udongo tu, naangalia, naandika, nafukia. Usiku ule alimwambia mama kwamba masomo ya mapadri yameniharibu kichwa.

Aliyenifundisha kazi ni mzee wetu, papa Asumani, kiongozi wa kikosi chetu cha kuchimba. Alitoka katika familia moja ya Waislamu wa zamani hapa mjini, waliokuja enzi za misafara ya biashara wakabaki. Alikuwa mrefu, msafi, na hakupenda mtu apige miluzi karibu na shimo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuonja. Ninyi siku hizi mnapeleka udongo maabara na kungoja majibu mpaka msimu unapita. Sisi tulitumia meno. Unachukua punje, unaiweka kati ya meno ya mbele, unasaga polepole. Ikilia kama wali uliopikwa bila kuchaguliwa, ni mchanga. Ikikwaruza kidogo tu, ni tope laini. Ikiteleza na kunata kwenye ulimi, ni udongo wa mfinyanzi, na juu yake usisimamishe nguzo bila kufikiri. Kisha unatema. Papa Asumani alisisitiza sana hili la kutema.

Sasa, papa Asumani alifunga Ramadhani, na udongo hauwezi kuingia kinywani mwa mtu aliyefunga. Alikwenda kumuuliza mwalimu wake kama kuonja na kutema kunabatilisha saumu. Mwalimu akataka kwanza kujua kwa nini mtu mzima mwenye wajukuu anakula udongo mchana, na mazungumzo hayakufika mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwezi ule meno yakawa yangu. Papa Asumani alikaa kwenye kigoda, akaninyooshea punje baada ya punje, nami nikasaga na kutangaza. Nikikosea, alijua kwa kuutazama udongo tu, na alinirudishia uleule niusage upya. Watu wengine hupanda kazini kwa mitihani. Mimi nilipanda kwa Ramadhani.

Mkubwa wetu alikuwa Mbelgiji ambaye sote tulimwita Bwana Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu alilolijua. Jina lake la kweli hatukuwahi kulijua, na hatukuona haja ya kuuliza. Uhuru ulipofika, Bwana Kesho aliondoka palepale, mara yake ya kwanza kufanya jambo bila kuahirisha. Aliacha soksi zake zikining'inia kwenye kamba na mashimo yetu bila sahihi.

Hapo ndipo Tume ilipoundwa. Serikali mpya ilikuwa na mashimo mengi na watia sahihi wachache, hivyo ikaamua kwamba sisi tuliokuwa tunafanya kazi hii miaka yote tunaweza kupewa cheti, mradi tuthibitishe uzoefu. Walitaka vitu vitatu: maelezo ya kazi uliyofanya mwenyewe, shahidi aliyekuona ukiifanya, na sampuli za shimo moja ulilolisimamia peke yako, kuanzia juu mpaka chini, bila pengo. Bila cheti, mashimo yangu yangetiwa sahihi na mtu wa mbali asiyewahi kuyachungulia, nami ningezungusha chuma mpaka mgongo uishe. Nilikitaka kile cheti kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine, na nasema hivyo bila kuona haya.

Maelezo yalinitesa. Kila mahali niliandika tulichimba, tulibeba, tulivuka. Sekretari wa ofisi akanirudishia, akasema Tume haitaki umati wa watu, inataka mtu mmoja. Nikakaa nikarekebisha yote. Ikawa mimi nilibeba mabomba yote, mimi nilipiga kasia mbele na nyuma ya mtumbwi uleule, mimi nilianzisha wimbo na mimi nikaitikia. Papa Asumani aliposomewa, aliuliza siku hiyo yeye alikuwa wapi. Penye jina la mhandisi aliyenisimamia niliandika Bwana Kesho, na penye anwani yake nikaandika Ulaya.

Sampuli, lakini, zilikuwa za kujivunia. Palitakiwa daraja dogo kwenye njia ya Masako, na nililisimamia shimo lile mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Juu ulitoka udongo mwekundu wa kawaida. Chini yake ukatoka mweupe, laini, mzuri mpaka nikauita kikosi kizima kutazama. Chini ya mweupe kulikuwa na mweusi, wa kinamasi cha zamani kilichofukiwa, unaonuka kama kitu kilichokufa kikasahauliwa. Kisha mchanga wa njano. Kila kipande nilikitia kwenye kifuko cha kitambaa chenye kibati kilichogongwa namba, vifuko nikavipanga kwenye sanduku lenye vyumba vidogo, nikafunga kufuli. Bati la ofisi lilikuwa linavuja, kwa hiyo nikalipeleka sanduku nyumbani. Vijana, hapa andikeni pembeni: sampuli hazikai nyumba moja na jiko.

Nyumbani alikuwepo Antoinette, mke wangu, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, mwanamke asiyependa kurudia neno. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kama wajawazito wengi wa hapa, alitafuna mabele, ule udongo mweupe wanaouuza sokoni kwa vibonge. Siku niliyofungua sanduku kukagua, alisimama mlangoni akautazama mweupe wangu wa Masako kwa macho ambayo mimi sijawahi kutazamwa nayo. Nilimwambia huu si wa kula. Nikafunga kufuli, nikamnunulia wa sokoni, na hakugusa. Wa sokoni, alisema, una majivu.

Kisha waasi wakaingia mjini. Sitayaandika yote. Wengi mmeyasikia kutoka kwa wazazi wenu, na wengine wazazi wao hawakubaki kuwasimulia. Inatosha kusema kwamba mtu mwenye kalamu mfukoni alikuwa mtu wa kutafutwa. Papa Asumani alipita kwangu akaniagiza nichome karatasi, nivue miwani, na nitembee kama mtu asiyejua kusoma. Nikamuuliza watu hao hutembeaje. Akajibu kwamba kwanza kabisa hawagongi miti, na hilo bila miwani lilinishinda. Nilichoma maelezo yangu yote, kasia zote na nyimbo zote. Udongo haukubali kuungua, kwa hiyo sanduku likabaki chini ya kitanda.

Walikuja asubuhi, wapiganaji kadhaa na mkubwa wao, mtu mzima mwenye kipande cha ngozi ya chui kwenye kofia. Walikuwa wanatafuta redio za kuita ndege. Sanduku zito lenye kufuli chini ya kitanda cha mtu asiyejua kusoma lilikuwa ndilo hasa walilolitaka. Walivunja kufuli kwa kitako cha bunduki, wakafungua, wakakuta vifuko vya udongo vyenye namba. Walivunjika moyo kwanza. Kisha wakaogopa, na hapo ndipo na mimi nilipoogopa. Wapiganaji wale walilindwa na dawa yao ya maji, yenye miiko mingi, na chochote kingeweza kuiharibu. Mkubwa wao alirudi nyuma hatua moja.

"Hii iko dawa ya nani?" akauliza.

Nilimjibu ukweli, na ukweli ulikuwa kosa. Nilisema ni udongo wa Masako, wa mita moja, wa mita mbili, wa mita tatu. Akauliza nani alinituma msituni kuchimba mita tatu. Nilijaribu kueleza kazi yangu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoyasikia maneno yangu mwenyewe. Naingia porini. Nachimba tundu jembamba lisiloweza kuingia mtu. Natoa udongo, nautia kinywani, nautema, naupa namba, naufunga kwenye kitambaa. Hata mimi ningejikamata. Mkubwa akawaambia wanitoe nje, na walivyonishika mikono nilielewa kwamba nje hapakuwa mahali pa kwenda kuulizwa maswali.

Antoinette alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge. Alitupita sote, akachutama mbele ya sanduku kwa shida na tumbo lake, akachukua kifuko, akafungua, akamega, akala.

"Iko mabele yangu," alisema huku anatafuna. "Niko na mimba. Munaona."

"Na namba?" mkubwa akauliza.

"Namba iko ya kujua ya leo na ya kesho. Bila namba nitamaliza yote siku moja."

Mkubwa hakuridhika. Alinyoosha kidole kwenye kifuko kingine, akamwambia ale na hiki. Akala. Na hiki. Akala mwekundu, akala mweupe, akala mchanga wa njano ukalia kwenye meno mpaka mpiganaji mmoja akakunja uso. Kisha kidole kikaangukia ule mweusi. Mimi niliyeuchimba nilikuwa nimeuonja na kutema mara moja, na nilisukutua mdomo mpaka jioni. Antoinette alimega donge, akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu, akameza.

"Hii njo tamu," akasema, akalamba na kidole.

Hapo mkubwa alivua kofia, akajikuna kichwa. Alieleza, kama anayezungumza na jirani, kwamba na yeye mke wake yuko na mimba, anafuatana na kikosi, na hampi usingizi juu ya mabele. Aliomba kidogo. Antoinette akamwambia achukue ile nyeupe, kwa sababu nyeusi anajiwekea mwenyewe. Akachukua vifuko vyote vya mweupe, akavipima mkononi, akawaambia watu wake waniachie. Alisema mtu anayemchimbia mke udongo mpaka mita tatu, huyo ana mateso yake tayari. Walikwenda zao, pamoja na sehemu iliyo bora kuliko zote katika kazi yangu.

Mlango ulipofungwa, Antoinette aliketi chini palepale, nami nikaketi kando yake. Nililia. Sikulia vizuri, nililia kwa kelele mpaka akaniziba mdomo kwa mkono wenye matope. Baadaye alikunywa maji kikombe baada ya kikombe, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa kwamba kwa ule mweusi Mungu anisamehe, yeye bado hajaamua.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa mwenye afya, mweusi tii, na jamaa wa Yanonge walitoa maoni yao juu ya sababu. Vita vilipita. Ofisi ikafunguliwa, Tume nayo ikaanza kazi upya, na mimi nikaanza kuandika upya maelezo yaliyoungua, safari hii kwa kumrudishia papa Asumani angalau kasia moja. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka nikafika kwenye nafasi inayouliza sampuli ziko wapi sasa. Vifuko vilivyobaki vilikuwa nusu. Sekretari alinishauri niandike kwamba zilipotea vitani, lakini watu ambao hawajawahi kuchimba hata shimo la choo walikuwa wameshaandika hivyo, na Tume ilikuwa imetangaza kwamba anayesema vitani anarudishwa nyumbani. Nikaandika kama ilivyokuwa: nyingine ziko sandukuni, nyingine ziliingia tumboni mwa mke wangu, nyingine tumboni mwa mke wa mkubwa mmoja ambaye jina lake sikuliuliza.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa inginia Désiré, Mhaiti aliyekuja kutusaidia tulipobaki bila wahandisi. Ngozi yake ni kama yetu, kwa hiyo mji mzima ulimsalimia kwa Lingala, naye akijibu kwa Kifaransa watu walimwona ana majivuno. Mama mmoja wa sokoni alimwambia wazi kwamba kusoma Ulaya si sababu ya kusahau lugha ya mama yako. Hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mtu wa kanuni, na hakucheka, hata alipoisoma fomu yangu kwa sauti mbele ya watu.

Alianza na shahidi. Papa Asumani alikuja na kanzu nyeupe, akaapa kusema kweli, na kwa bahati mbaya akaisema. Alipoulizwa kama aliniona nikionja na kupambanua udongo kwa uwezo wangu, alijibu ndiyo, wakati wa Ramadhani. Akaulizwa na miezi mingine je. Akasema miezi mingine alionja yeye. Nilimwangalia nikimwomba kwa macho, naye akadhani naomba maelezo zaidi, akayatoa.

Likabaki shimo na udongo wake. Inginia Désiré alipanga vifuko vilivyobaki juu ya meza, akaacha nafasi mahali pa vilivyokosekana, na nafasi ilikuwa pana kuliko vifuko. Alisema kanuni ni bila pengo. Alisema pia, kwa utulivu ulionitia baridi, kwamba sampuli si mali ya fundi wala ya nyumba yake, ni mali ya serikali, na anataka kujua nani aliruhusu mali ya serikali iliwe. Nilifungua mdomo kujibu. Akaniambia anamtaka aliyekula.

Antoinette alikuwa ananingojea barazani na mtoto mgongoni. Aliingia, akasalimia, akakataa kiti. Sekretari hakuwepo siku ile na mwenyekiti hakujua Kiswahili hata neno, kwa hiyo kutafsiri kukaniangukia mimi mwenye kesi. Nikamwuliza mke wangu, kwa niaba ya Tume, kwa nini alikula mali ya serikali, ambayo sisi huku tunaiita Leta.

Alimtazama inginia, si mimi.

"Papa," alisema, "ile siku udongo ilikuwa ya Leta. Bwana ilikuwa yangu."

Inginia Désiré aligeuka kwangu, akangoja. Nusu ya kwanza ilitoka vizuri, Kifaransa safi cha ofisini. Nusu ya pili ikakataa kutoka. Nikaanza tena, ikakwama palepale, papa Asumani akakohoa, mtoto akajigeuza mgongoni. Mwishowe niliisema nikiwa natazama mbao za meza, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Mwenyekiti akauliza kama nimetafsiri yote. Nikasema yote.

Alivuta faili langu karibu. Pale palipokuwa na pengo, kati ya mita ya kwanza na ya tatu, aliandika kwa mkono wake: Zilikuwepo. Zilitumika vizuri. Chini yake akatia sahihi na kugonga muhuri wa kunipa cheti, kisha akasimama, akampa mkono Antoinette kabla ya kunipa mimi. Antoinette aliniuliza yule papa ameandika nini. Niliitazama ile karatasi, Kifaransa chepesi kabisa, maneno ambayo hata mtoto wa shule angeyaweza, na safari hii sikuweza kutafsiri hata nusu.